Tela la flati la urefu gani? Mwongozo kwa anayenunua au kukodi la kwanza

"Kaka, nichukue la mita 12.5 au la mita 13.6?"

Swali hili naulizwa kila mara, na anayeuliza huwa ameshaegemea upande mmoja: anataka lile refu. Anasema bei hazipishani sana, basi bora awe na nafasi ya ziada. Nami humuuliza: unapeleka nini, na unarudi na nini? Wengi hapo hunyamaza, kwa sababu mzigo wa kurudi hawajaufikiria kabisa.

Nilianza utingo, nikaendesha njia ya Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia, na sasa nasimamia upakiaji yadi. Ninachotaka ukielewe kabla hujatoa hela ni kwamba uzito unabebwa na ekseli, yaani vile vyuma vya chini vinavyoshika magurudumu. Urefu wa tela kazi yake ni kuamua uzito huo utaangukia ekseli ipi. Ukilishika hilo, hutababaishwa na muuzaji anayekusifia tela kwa mita zake.

Mwongozo huu ni wa tela la flati, lile la sakafu bapa lisilo na kuta, linalovutwa na kichwa (gari la mbele lenye injini), kwa mizigo ya bandari ya Dar na njia ya Tunduma, mpakani mwa Zambia. Aliyeko Kenya anaweza kuutumia pia, maana kanuni za uzito wa ekseli ni za Afrika Mashariki nzima.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Tepu ya kupimia ya mita 20 au 30. Ile ndogo ya fundi seremala itakupa makosa.
- Chaki na daftari.
- Uzito wa kichwa chako kikiwa kitupu, kutoka mizani. Usitumie uzito ulioandikwa kwenye kadi peke yake, kwa sababu tangi la ziada, tairi za akiba na sanduku la zana vyote vina uzito. Lita 600 za dizeli ni nusu tani.
- Uzito wa tela likiwa tupu, kama lipo tayari.
- Orodha ya mizigo unayotarajia kubeba, yenye urefu, upana na uzito wa kila kipande. Mteja akikwambia "ni kama tani 30 hivi", mwombe karatasi.
- Mtu wa kukushikia upande wa pili wa tepu. Kipimo cha mtu mmoja huwa hakinyooki.

Hatua ya 1: Andika mizigo mitatu utakayobeba zaidi

Andika mitatu tu, siyo kila kitu unachoota kubeba. Kwa mfano: nondo kwenda Mbeya, kontena kwenda Zambia, shaba kurudi Dar. Au saruji kwenda Songea, mbao kurudi kutoka Mafinga.

Mzigo wa kurudi uandike kwa herufi kubwa. Tela linalopata mzigo wa kwenda tu linachoma mafuta ya kurudi bila malipo, na njia ya Tunduma ni ndefu. Nimeona watu wakinunua tela linalofaa kontena peke yake, lile la mifupa lisilo na sakafu. Wakifika Zambia wanapishana na shaba, mbao na magunia, kwa sababu hawana pa kuviweka. Flati inakupa uhuru huo, lakini uhuru huo una faida kama urefu wake unakubali mizigo ya pande zote mbili.

Hatua ya 2: Tafuta kipande kirefu kisichokatwa

Katika mizigo ile mitatu, tafuta kipande kirefu kuliko vyote ambacho huwezi kukikata wala kukikunja. Hicho ndicho kinachokupa urefu wa chini kabisa wa tela.

Vipimo hivi viwe kichwani:

- Kontena la futi 20: mita 6.06
- Kontena la futi 40: mita 12.19
- Kontena la futi 45: mita 13.72
- Nondo za kawaida: mita 12
- Mabomba ya chuma: mara nyingi mita 6 au 12
- Nguzo za umeme: zipo za mita 9, 10, 12 na kuendelea, kwa hiyo uliza kabla

Utaona kwamba kontena la futi 40 na nondo vyote viko kwenye mita 12. Ndiyo sababu matela mengi ya barabara hii yana sakafu ya mita 12.5 hivi: yametengenezwa kwa vitu hivyo viwili, na zile sentimita 30 zinazobaki ni za ubao wa mbele na nafasi ya mkono.

Onyo kuhusu nondo. Ukiona mtu amezikunja katikati ili ziingie kwenye Fuso, usiige kwenye kazi ya mkandarasi. Nondo iliyokunjwa ikanyooshwa tena imeshaumia pale kwenye kona, na mhandisi wa mradi anayejua kazi yake ataikataa mbele yako, mzigo ukiwa bado juu ya gari. Nondo za mita 12 zitafutie sakafu ya mita 12.

Hatua ya 3: Fanya hesabu ya ekseli kabla ya hesabu ya mita

Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Afrika Mashariki ni ya mwaka 2016, na Tanzania ilianza kuitumia Machi 2019. Kwa kichwa cha ekseli tatu na tela la ekseli tatu zenye matairi manne manne, kumbuka hivi:

- Ekseli ya usukani: tani 8
- Ekseli mbili za nyuma za kichwa kwa pamoja: tani 18
- Ekseli tatu za tela kwa pamoja: tani 24

Jumla ni tani 50. Gari la ekseli saba linaruhusiwa hadi tani 56, na hapo ndipo mwisho hata ukiongeza ekseli ya nane.

Sasa toa uzito wa gari lenyewe. Kichwa cha tani 9 na tela la tani 7 ni tani 16. Zinabaki 34 kwenye karatasi. Dizeli, turubai, minyororo na watu wakishaingia, mimi hupanga tani 32 na siendi zaidi. Ekseli zina uvumilivu mdogo wa kisheria, lakini usiuingize kwenye mipango. Huo uachie matope, mvua na mzigo uliocheza njiani.

Angalia kitu kimoja hapo: mita hazijatajwa popote. Tela la ekseli tatu la mita 12.5 na la mita 13.6 yana kikomo kile kile cha tani 24 nyuma. Na lile refu lina chuma zaidi, kwa hiyo kilo za chuma hicho zinatoka kwenye mzigo wako.

Hatua ya 4: Jua mzigo wako unamaliza nini kwanza, tani au nafasi

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo, kwa hiyo usiharakishe.

Saruji inamaliza tani. Mifuko 640 ya kilo 50 ni tani 32, na ukiitandaza kwenye sakafu ya mita 12.5 haifiki hata kiunoni. Ukiwa na mita 13.6 hutaongeza mfuko hata mmoja.

Shaba inamaliza tani mapema zaidi. Vifurushi vya shaba ya mabamba huwa na uzito wa tani mbili na zaidi kila kimoja, wakati sakafuni kimechukua kama mita moja ya mraba. Vifurushi 13 au 14 vinatosha kukamilisha gari, na ukisimama pembeni unaona tela kama halijapakiwa. Mgeni anashawishika kuongeza. Usiongeze. Kwa shaba, urefu unakusaidia kuvitenganisha vifurushi ili uzito ugawanyike, na mita 12 zinakutosha kabisa.

Mbao zina sura mbili. Mbao za msonobari zilizokauka vizuri ni nyepesi, kwa hiyo tela linajaa hadi juu kabla hujafika tani 32, na hapo kila mita ya sakafu ni pesa. Mbao mbichi zilizotoka mashineni jana zinaweza kukaribia uzito wa maji. Tela lile lile, kimo kile kile cha mbao, linavuka kikomo na wewe huna habari. Ukifika Mafinga, chukua ubao mmoja ushike mkononi. Ukiona unyevu unabaki kiganjani, punguza safu za juu kabla kamba hazijafungwa.

Magodoro, samani, mabomba ya plastiki na matangi matupu ya maji yanamaliza nafasi, na tani haziguswi. Kama mizigo yako miwili kati ya mitatu ni ya aina hii, chukua tela refu kwa moyo mweupe. Kama miwili ni ya chuma, saruji au shaba, mita 12.5 zinakutosha, na hela iliyobaki nunua minyororo mizuri na turubai nzito.

Hatua ya 5: Linganisha na matela yanayopatikana

*Flati ya mita 12.5 hivi.* Ndiyo tela ya kazi zote kwenye njia hii. Inabeba kontena moja la futi 40, au mawili ya futi 20, au moja la futi 20 katikati. Nondo zinalala zote ndani. Kama hujui uchague nini na mizigo yako imechanganyika, anza na hili.

*Flati ya mita 13.6.* Haya mengi ni yaliyotumika Ulaya, maana kule ndicho kipimo cha kawaida. Mara nyingi ekseli zake zina tairi moja pana kila upande badala ya matairi pacha. Kwa tairi za namna hiyo kikomo cha ekseli ni kidogo kuliko cha matairi pacha, hivyo ile hesabu ya tani 24 usiitumie mpaka umethibitisha TANROADS, wakala wa barabara. Ni zuri kwa mizigo mepesi yenye kujaa. Hakikisha pia lina kufuli za kontena (zile zinazoshika pembe za kontena sakafuni), maana mengi yaliundwa ya kufunikwa kwa mapazia ya turubai pembeni na hayana kabisa.

*Pulingi.* Gari lenye bodi yake linalovuta tela fupi kwa mkono wa chuma. Linachukua kontena mbili za futi 20, moja mbele na moja nyuma. La futi 40 halikai, na nondo za mita 12 hazikai. Kurudi nyuma nalo kunataka dereva aliyezoea.

*Intalinki.* Tela mbili zilizounganishwa, ya mbele mita 6 na ya nyuma mita 12, zenye ekseli saba kwa jumla pamoja na kichwa. Utaziona nyingi zikitokea kusini. Zinabeba la futi 20 mbele na la futi 40 nyuma. Urefu wa gari zima unakaribia mita 22, na huo ndio mwisho wa sheria. Kwa mtu wa tela la kwanza simshauri: tairi ni nyingi, breki ni nyingi, na yadi nyingi za wateja hazina pa kuigeuzia.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya mahali mzigo utakapokaa

Usiiruke hatua hii. Ni kuzidisha na kugawanya tu, simu yako inatosha.

Pima vitu viwili kwenye tela: kutoka mbele ya sakafu hadi kwenye kingpini (ile pini ya chini ya tela inayoshikwa na kichwa), na kutoka kwenye kingpini hadi ekseli ya katikati kati ya zile tatu. Tuchukue tela la mita 12.5 lenye kingpini mita 1.2 kutoka mbele, na ekseli ya kati mita 8 kutoka kwenye kingpini. Uzito wa tela tupu wa tani 7, tani 5 zinakalia ekseli zake na tani 2 zinakalia kichwa.

Kanuni ni hii: uzito wa mzigo × umbali wa katikati ya mzigo kutoka kwenye kingpini ÷ 8 = tani zinazokwenda ekseli za tela. Zinazobaki zinakwenda kwenye kichwa.

Kontena moja la futi 20 lenye tani 28, ukiliweka katikati ya sakafu: katikati yake iko mita 5.05 kutoka kwenye kingpini. 28 × 5.05 ÷ 8 = 17.7. Ongeza tani 5 za tela, unapata 22.7. Umepita.

Kontena hilo hilo ukilisukuma mwisho wa mkia: katikati yake inakuwa mita 8.27 kutoka kwenye kingpini, nyuma kidogo ya ekseli ya kati. Jibu ni karibu tani 29. Ongeza 5. Ekseli zako zimebeba karibu tani 34 badala ya 24, na kichwa hakina kitu mgongoni.

Hili lilinitokea mwenyewe. Lilikuwa kontena la vigae, na mteja aliomba milango ielekee nyuma, ikae usawa wa jukwaa lake ili foklifti iingie moja kwa moja. Mimi nilikuwa msimamizi, nikakubali. Gari lilipopanda mizani, jumla ya uzito ilikuwa ndani ya sheria. Nilifurahi kwa sekunde kadhaa, mpaka kijana wa mizani alipogeuza karatasi na kuweka kidole kwenye mstari wa ekseli za nyuma. Tulisubiri kreni siku mbili. Kazi yenyewe ya kulisogeza kontena mbele mita tatu ilichukua chini ya nusu saa. Faini tulilipa, na mteja tulimpelekea mzigo ukiwa umechelewa. Kosa lilikuwa langu, na ndiyo maana siku hizi sipokei maelekezo ya mahali pa kuweka kontena kutoka kwa mtu asiyelala kwenye gari hilo.

Kontena mbili za futi 20 zisizolingana, moja tani 20 na moja tani 12: nzito ikae mbele. Ukiiweka nyuma, ekseli za tela zinapata zaidi ya tani 28. Ukiiweka mbele zinapata 22 hivi, ila kichwa nacho kinafika mwisho wake wa tani 26 (zile 8 na 18), kwa hiyo usiongeze hata tairi la akiba kule mbele.

Mzigo uliotandazwa sawasawa sakafu nzima, kama saruji: katikati yake ni katikati ya sakafu. Kwa tela hili, tani 32 zinapeleka nyuma 20.2, na 5 za tela, jumla 25.2. Umezidisha. Dawa yake ni kuacha nafasi mkiani. Ukiacha sentimita 60 tupu nyuma, katikati ya mzigo inasogea mbele sentimita 30, na nyuma zinabaki tani 24 kamili. Ziache ziwe 70 ili upumue.

Sasa angalia lile la mita 13.6. Tuseme kingpini yake iko mita 1.6 kutoka mbele na ekseli ya kati mita 7.7 kutoka hapo. Mzigo uliotandazwa hadi mkiani unafikia kikomo cha nyuma ukiwa na tani 28 tu, wakati kwenye lile la mita 12.5 unafikia kikomo ukiwa na tani 30. Tela refu limebeba pungufu kwa tani mbili, kwa sababu mkia wake mrefu unaning'inia nyuma ya ekseli. Mtu akikwambia tela refu ndilo lenye faida, mwonyeshe hesabu hii.

Hatua ya 7: Ipitie njia na geti la mwisho

Barabara kuu mara nyingi haina shida. Shida iko kilomita ya mwisho. Magodauni ya Vingunguti na Chang'ombe yana mageti yaliyojengwa zamani, wakati magari yalikuwa mafupi. Pima upana wa geti na upana wa barabara iliyo mbele yake. Kama gari likiingia lazima lirudi nyuma kutoka barabara yenye daladala, kila mita ya ziada kati ya kingpini na ekseli itakutesa, maana tela linakata kona kwa ndani zaidi.

Kwa njia ya kusini fikiria Mlima Kitonga. Kona zile ni kali na upande mmoja ni bonde. Tela refu linakula upande wa anayeshuka. Tena ukiwa na mzigo uliokaa mkiani, kichwa chepesi kinateleza matairi kwenye mpando, hasa lami ikiwa na mvua.

Hatua ya 8: Likague tela lenyewe, kwa tepu

Usikubali namba iliyoandikwa kwenye tangazo. Pima sakafu toka ndani ya ubao wa mbele hadi mwisho. Nimepima "mita 12.5" ikatoka mita 12.1, na kontena la futi 40 halikai hapo.

Hesabu kufuli za kontena. Zinatakiwa 12 ili uweze kuweka la futi 40, mawili ya futi 20, au moja la futi 20 katikati. Tela lenye kufuli nane tu halikuruhusu kuweka moja katikati, na umeona hapo juu inagharimu nini. Zizungushe zote kwa mkono. Iliyoganda kwa kutu ni kama haipo.

Lala chini uangalie chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba sakafu. Tafuta mahali palipokatwa na kuungwa. Kuna matela yaliyorefushwa kwenye gereji kwa kuongezewa kipande katikati au mkiani, na rangi mpya ikaficha mshono. Sogeza tochi kwa ubavu: mshono unaonekana kama mstari ulionyanyuka kidogo. Tela la namna hiyo liache hata kama bei ni nusu, kwa sababu litakatikia hapo hapo siku ukiwa na shaba.

Halafu rudi nyuma hatua 20, uchuchumae, utazame mstari wa sakafu. Tela tupu lenye afya limenyooka au limepinda kidogo kwenda juu katikati. Lililozama katikati limeshachoka.

Hatua ya 9: Safari ya kwanza, weka alama

Pakia mzigo wako wa kawaida, upime kwenye mizani ya binafsi mjini kabla ya kwenda kwenye mizani ya barabarani ya Vigwaza. Soma kila kundi la ekseli, usisome jumla peke yake. Ikiwa nyuma ni nzito, sogeza mbele, pima tena. Ukishapata mahali sahihi, chora mstari kwa rangi kwenye ubavu wa tela: "saruji mwisho hapa", "kontena 20 hapa". Chaki inafutika na mvua ya kwanza, rangi inadumu. Utingo mpya akija miezi sita baadaye ataipakia sawasawa bila kukupigia simu.

Ikikwama

*Jumla iko sawa, ekseli za nyuma zimezidi.* Mzigo umekaa nyuma mno. Kujua usogeze kiasi gani: tani zilizozidi × umbali wa kingpini hadi ekseli ya kati ÷ uzito wa mzigo. Umezidisha tani 1, umbali ni mita 8, mzigo tani 32: sogeza sentimita 25.

*Nyuma iko sawa, kichwa kimezidi.* Kinyume chake. Ila angalia kwanza matangi ya mafuta na vitu vya dereva. Mara nyingi ile nusu tani iko hapo.

*Usukani mwepesi, kichwa kinayumba mwendo ukiongezeka.* Simama mahali salama. Ama mzigo umeteleza kwenda mkiani, ama sahani ya kuunganishia tela imewekwa nyuma sana kwenye chesisi ya kichwa. La kwanza kaza upya minyororo baada ya kuurudisha mzigo. La pili ni kazi ya fundi, usiende nalo Kitonga.

*Nondo zinasogea mbele ukifunga breki.* Hazijagusa ubao wa mbele. Pakia zikiwa zimegusa, na funga mnyororo unaozunguka furushi zima, maana mnyororo uliopita juu peke yake unaziacha za katikati zichomoke. Nondo zinazokuja mbele zinapita kwenye kibanda cha dereva.

*Mzigo unatokeza nyuma ya tela.* Funga kitambaa chekundu mchana na taa nyekundu usiku, na usafiri mchana kadiri unavyoweza. Ikiwa inatokea kila safari, rudi hatua ya 2, maana umechagua tela fupi kwa kazi yako.

*Mashine moja nzito na fupi, kama jenereta ya tani 25.* Usiikalishe moja kwa moja sakafuni. Weka magogo mazito ya mbao kwa urefu wa tela, juu ya mihimili mikuu, ili uzito uende kwenye chesisi bila kutoboa sakafu. Mahali pake tafuta kwa kanuni ya hatua ya 6. Ikiwa ni pana kuliko tela, au ikishakaa inapita kimo cha kawaida, hiyo ni kazi ya lobedi (tela la sakafu ya chini) na kibali maalumu, na urefu wa flati hautakusaidia.

*Umeshanunua refu na mizigo yako ni ya chuma.* Usiliuze kwa hasara. Chora mstari wa rangi mwisho wa mita 12 za sakafu, na usipakie chuma, saruji wala shaba nyuma ya mstari huo. Sehemu iliyobaki ibebe turubai, kamba na magogo. Halafu tafuta mteja mmoja wa mbao kavu au matangi wa mzigo wa kurudi, hapo zile mita zitaanza kukulipa.